Mkate wa Wilhelmsthal

"Dada, hela yangu."

Konda alikuwa amesimama juu yangu, mkono mmoja umeshika bomba la dari, mwingine ameunyoosha. Kosta yetu ilikuwa imeshatoka Mombo na kuanza kupanda mlima, kona baada ya kona, na upande wangu wa dirisha ulikuwa bonde tu. Nikamwambia ngoja nitoe pesa. Akacheka. "Kumbe Mkenya," akasema, na viti viwili vya mbele vikageuka kunitazama.

Kwetu tunasema pesa, ama doo, ama chapaa, inategemea unaongea na nani. Hela nililijua kwa nyimbo za Bongo. Lakini asubuhi hiyo neno hilo lilinifaa sana, kwa sababu nilikuwa naenda Lushoto kutafuta Wajerumani, na Mjerumani wa kwanza nilimkuta mdomoni mwa konda. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilibadilisha sarafu zake. Rupia moja, ambayo hadi hapo ilikuwa ikigawanywa kwa pesa 64, sasa ikagawanywa kwa Heller 100. Wajerumani walikuja kufukuzwa, rupia yao ikafa, Heller ikabaki ikawa hela. Sisi tukaendelea na pesa, neno lililovuka bahari kutoka India. Mimi na konda tulikuwa tunataja vipande viwili vya rupia ileile.

Na kabla hujamcheka konda, jiulize ulisoma wapi. Shule ni Schule ya Kijerumani. Zanzibar mpaka leo wanasema skuli, maana huko aliyekaa ni Mwingereza. Sisi Wakenya, ambao Mwingereza alitutawala karibu miaka sabini, kila asubuhi tuliamshwa kwenda mahali penye jina la Kijerumani, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

Natoka Chakol, kati ya Busia na Malaba. Ukikulia huko, mpaka huusomi kwenye ramani. Unauona kwa foleni ya malori, kwa vijana wa kubadilisha pesa wenye noti zimefungwa raba, kwa shangazi aliyeolewa Tororo ambaye ukitaka kwenda kumjulia hali lazima upite mbele ya afisa. Sisi Wateso tuko pande zote mbili. Kwa hivyo historia ya mipaka ni stori ya nyumbani, na katika kuifuatilia niligundua kwamba Wadachi, hivyo ndivyo Waswahili wa zamani walivyowaita Wajerumani, nusura watufikie.

Mapema mwaka 1890, Carl Peters alifika kwa Nabongo Mumia, pale tunapopaita Mumias leo, safari fupi ya matatu kutoka kwetu. Huyu Peters ndiye aliyezunguka bara mwaka 1884 akiwatia machifu sahihi kwenye karatasi za Kijerumani wasizoweza kusoma, na Waafrika baadaye walimpa jina la Mkono wa Damu. Kwa Mumia alikuta barua za Mwingereza Frederick Jackson, ambaye alikuwa ametoka kuelekea upande wa Mlima Elgon. Peters akazifungua. Akasoma kwamba Kabaka Mwanga alikuwa anaomba msaada. Basi hakungoja mwenye barua. Akafululiza hadi Buganda akamtilia Mwanga mkataba.

Karatasi ile haikuishi hata mwaka. Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana huko Ulaya: Uganda kwa Mwingereza, Witu ya pwani ya Kenya kwa Mwingereza, na Ujerumani ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1902 Waingereza wenyewe wakalimega lile jimbo la mashariki la Uganda na kulitia upande wa Kenya, na huko ndiko nilikozaliwa. Kwa ufupi, Chakol imewahi kuhama nchi bila mtu yeyote wa Chakol kufunga mzigo. Kama mkataba wa Peters ungesimama, huenda leo ningekuwa nasema hela.

Ndiyo maana, nilipoalikwa harusi ya rafiki yangu wa chuo kule Korogwe na nikajikuta na Ijumaa nzima bila kazi, sikutaka kwenda kuchagua vitenge. Nilitaka kuona mji ambao Wajerumani walifika, wakakaa, wakauita kwao.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Usambara. Nilishuka kwenye basi na fulana nyepesi nikajuta papo hapo. Mombo chini kulikuwa joto la kukaanga yai. Hapa juu kina mama wa sokoni walikuwa wamevaa masweta na kujifunga khanga juu yake. Kuna misonobari, kuna mikaratusi mirefu kando ya barabara, kuna karoti na kabichi za rangi ambayo ukiipiga picha watu watasema umeweka vichujio. Kuna makanisa ya kale, na majengo ya serikali yenye kuta nene na madirisha membamba, ambayo bado watu wanaingia kutafuta huduma. Kweli, ni mji mrembo. Nilipiga picha nyingi mno.

Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Huku hapakuwa na joto la pwani wala homa zake, kwa hivyo wakubwa wa Dar es Salaam walipanda kuja kupumzika, na walowezi wakaja kujaribu kulima. Wamisionari walikuwa wametangulia: mwaka 1891 walifungua kituo Mlalo, wakakipa jina la Hohenfriedeberg.

Kijana wa bodaboda aliniuliza, "Dada, umekuja kuona nyumba za Mjerumani?" Nikapanda. Njiani akawa ananionyesha kwa kidevu. Ile alijenga Mjerumani. Hii miti alipanda Mjerumani. Barabara hii ya kutoka Mombo, Mjerumani. Baada ya dakika kumi nikaona kitu cha ajabu: kwenye stori zake Mjerumani alikuwa mtu mmoja. Jamaa mmoja, mrefu nadhani, mwenye koleo, anayezunguka Usambara akijenga na kupanda bila kulala.

"Na mawe?" nikamuuliza. "Mawe alibeba mwenyewe?"

Akapunguza mwendo. "Aaa, hapana," akasema. "Mawe walibeba babu zetu."

Hesabu inamuunga mkono. Mwaka 1913, katika Afrika Mashariki yote ya Wajerumani, yaani Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, Wazungu walikuwa kama 5,300 tu, na si wote walikuwa Wajerumani. Hao wasingejaza upande mmoja wa uwanja wa Kasarani. Ukisikia "mji wa Wajerumani", weka idadi hiyo kichwani.

Na milima hii haikuwa inawasubiri. Vuga, ng'ambo ya vilima hivyohivyo, ilikuwa makao ya wafalme wa Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai alitawala Wasambaa kutoka hapo hadi alipokufa mwaka 1862, kisha ukoo ukagombana. Haya yote tunayo kwa Kiswahili, yameandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, wakati Wajerumani bado wanajifunza njia za milimani. Mjerumani alikuta dola lililochoka kwa vita vya ndugu. Hakukuta msitu usio na watu.

Lakini sheria yake ilisema vingine. Amri ya mwaka 1895 iliitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa mali ya serikali. Isiyo na mwenyewe kwa macho ya nani? Msambaa alikuwa akilima hapa, anapumzisha pale ili udongo upate nguvu, anarudi baadaye. Pale palipopumzishwa palionekana patupu, na patupu pangeweza kupimwa na kuuzwa.

Ardhi ikapatikana, mikono ikakosekana. Mtu mwenye shamba lake la migomba na mahindi ana sababu gani ya kwenda kumlimia mgeni? Hapo ndipo Wilhelmsthal ilipopata umaarufu wake mwingine, ule usioandikwa kwenye vibao vya utalii. Kuanzia mwaka 1907 wilaya hii ilitumia mpango wa kadi. Kila mwanamume aliyeweza kufanya kazi alipewa kadi, na katika kila miezi minne alitakiwa ajaze siku 30 za kazi kwa mlowezi, kwa ujira uliopangwa. Asipojaza, alipelekwa kwenye kazi za serikali, kama vile barabara.

Niliposoma habari za kadi hizo kwa mara ya kwanza nilifikiria kibati cha babu yangu. Babu alikuwa nacho ndani ya kasha lake la mbao: kikopo bapa cha bati chenye tundu la kupitishia kamba, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Hicho ndicho kipande, cha Mwingereza, kilichoanza kutumika Kenya baada ya Vita vya Kwanza. Jina, kabila, alama za vidole, nani amekuajiri, lini amekuachilia. Ulikivaa shingoni. Babu alikivaa miaka yake ya ujana alipokwenda kuvuna mahindi katika mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia. Tulipokuwa watoto tulikichezea kama kengele ya mbuzi, naye alitunyang'anya bila kusema neno. Aliaga dunia nikiwa darasa la nne, kwa hivyo sikuwahi kumuuliza chochote cha maana.

Sasa nikiwa nyuma ya pikipiki huko Usambara, nikielekezwa majengo mazuri, nilikuwa nafanya hesabu ya kijinga. Ile boma ni siku 30 za wangapi? Lile kanisa? Hizi kona kutoka Mombo ambazo nusura nitapikie dirishani, ni kadi ngapi?

Mchana tulifika Irente, shamba la kanisa la Kilutheri. Ukienda Lushoto utaambiwa lazima ule Irente, na waambiaji hawadanganyi. Wanakuwekea mkate mweusi, mzito, wa nafaka ya rai, pamoja na jibini, jamu na mboga za bustani. Mkate huo ni wa Kijerumani kabisa; ukiula unaelewa kwa nini mwenzake wa dukani, ule mweupe wa kukatwa, unaitwa boflo. Mama aliyeniletea alikuwa Msambaa wa makamo, kitambaa kichwani. Nikamwambia shikamoo, nikauliza ni nani anauoka.

"Marahaba, mwanangu. Sisi wenyewe," akasema. "Mimi nilifundishwa na mama aliyekuwepo jikoni kabla yangu. Naye alifundishwa na aliyekuwepo kabla yake."

Nikauliza wa kwanza alikuwa nani. Akaangalia juu kidogo, akatabasamu. "Huyo sasa wa zamani. Kula, mkate unakauka."

Kutoka hapo si mbali kufika ukingoni, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na unaona nyika yote chini, Mazinde na kwingineko hadi upeo unapofifia. Utaona pia mistari ya mkonge. Mkonge nao una stori ya uhamiaji. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipofika mwaka 1893, iliyokuwa bado hai ilikuwa 62. Kutoka miche 62 likatoka zao lililoitawala Tanga kwa vizazi, pamoja na kambi za wafanyakazi waliotolewa Unyamwezini, Kigoma na kwingineko kuja kuukata. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911, na ilikuwa ikifuata mashamba.

Na kuna kitu kilichokwenda upande mwingine. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau kwenye misitu hii, akampelekea baba yake Ujerumani mbegu. Wanasayansi wakaliita Saintpaulia, kwa jina la familia yake. Leo ua hilo linauzwa duniani kote kwenye vyungu vidogo, na Wajerumani wa kawaida wanaliita urujuani wa Usambara. Kwa hiyo kuna bibi mahali fulani Ujerumani ambaye kila asubuhi analimwagilia maji jina la milima hii dirishani, kama mimi nilivyokwenda Schule miaka kumi na minne. Tofauti ni kwamba ua halikuvaa kibati shingoni.

Nilikaa ukingoni pale muda mrefu. Kijana wa boda alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, ustadi ambao nilidhani ni wa vijana wa Malaba peke yao. Nilikuwa nimekuja nikitaka kuchagua upande. Ama mji huu ni mrembo nifurahie, ama ni wizi nikasirike. Lakini mama wa mkate hakunipa nafasi ya kuchagua. Mkate wake ulikuwa mtamu, na ulikuwa wake.

Walioupa mji jina hawakukaa sana. Katikati ya mwaka 1916 Waingereza waliingia Wilhelmsthal. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa na mali zao zikauzwa. Kuanzia 1925 wakaruhusiwa kurudi, na wengi wakarudi. Mwaka 1939 vita vikaanza tena na wakaanza kuwekwa kizuizini. Karibu na Soni kuna mahali panaitwa Sakarani. Hilo lilikuwa jina la utani la Tom von Prince, ofisa aliyepigana na Mkwawa wa Wahehe, kisha akastaafu na kuwa mlowezi huku. Aliuawa katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Shamba lilibaki na jina, na leo wamo watawa Wabenediktini. Ukihesabu tangu Mlalo 1891 hadi kuingia kwa Waingereza, ni miaka 25. Babu yangu aliishi Chakol mara mbili ya hiyo, na hakuna mtaa wenye jina lake.

Jioni, kwenye Kosta ya kurudi, nilimwambia konda mwenyewe kabla hajanifikia: "Shika hela yako." Basi likacheka lote. Kwenye mkoba nilikuwa na mkate mzima wa Irente, umefungwa karatasi.

Mkate huo ulihudhuria harusi Korogwe, ukapita Tanga, ukagongewa muhuri pamoja nami Horohoro, ukalala Mombasa, ukapanda basi la usiku, na ulipofika Chakol ulikuwa ungeweza kuvunja dirisha. Nyanya aliukata kwa shida, akachovya kwenye chai ya maziwa, akatafuna polepole.

"Huu ni mkate wa nani, mgumu hivi?"

"Wa Wajerumani, nyanya."

"Wao ndio wameuoka?"

"Hapana. Kuna mama mmoja Msambaa."

"Na ngano yake, nani alilima?"

"Wasambaa pia, nadhani."

Akachovya kipande kingine. "Basi ni mkate wa Wasambaa," akasema.

Nilimuuliza kama lile kasha la babu bado lipo. Akanionyesha kwa kidevu, kama kijana wa boda. Lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya wimbi. Kibati kilikuwa bado kimo, kamba yake imeoza. Nilikifungua mezani, kando ya sahani ya mkate, nikaikunjua karatasi taratibu ili isikatike, na kwa mara ya kwanza nikaisoma yote, tangu jina lake hadi siku ya mwisho aliyoachiliwa. Nyanya alikuwa amesogeza kiti, anasikiliza. Nilipofika mwisho akaniambia nianze tena, safari hii kwa sauti.